Skrubu Mbili, Jina Moja: Uhakiki wa Istilahi za Mchanganyiko wa Kabureta

Istilahi nyingi huhukumiwa mezani. Wajumbe huketi, huulizana kama neno ni fupi, kama linafuata sarufi, kama lina asili ya Kibantu au limekopwa, kisha hulipitisha au hulikataa. Vipimo hivyo ni halali, na havina budi kuendelea kutumika. Lakini ziko istilahi ambazo hakimu wake si kikao, bali ni chombo chenyewe kinachotajwa. Istilahi za kurekebisha mchanganyiko wa hewa na petroli katika kabureta ya pikipiki ni za jamii hiyo. Neno likiwa bovu, fundi huzungusha skrubu upande usiofaa, nayo injini hutoa hukumu yake: ama hufuka moshi mweusi na kumaliza petroli ya mwenyewe, ama huchemka kupita kiasi hata pistoni ikaharibika.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki maneno yatumikayo katika kazi hiyo katika gereji na maduka ya vipuri ya Kariakoo na Gerezani, jijini Dar es Salaam, pamoja na yale ambayo mfasiri hushawishika kuyaunda anapokuwa na kitabu cha Kiingereza mbele yake. Dai letu ni moja: istilahi ya kurekebisha chombo haina budi kutaja kitu kinachopimwa na upande kilikoelekea. Isipofanya hivyo, hata ikiwa ni Kiswahili fasaha namna gani, haifai kazi.

Umuhimu wa suala hili

Yamkini msomaji atauliza kwa nini wanalugha washughulike na skrubu ndogo kama punje ya mahindi. Jibu ni kwamba maisha ya watu wengi yanaitegemea. Tangu Kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki kupewa leseni ya kubeba abiria, bodaboda imekuwa ajira ya vijana wengi nchini. Serikali nayo hutumia pikipiki vijijini. Mwaka 2022, mathalani, iligawa pikipiki kwa maafisa ugani. Sehemu kubwa ya pikipiki zilizo barabarani zina injini ya muundo uliotokana na Honda CG125 ya mwaka 1976, yaani injini ya silinda moja inayolishwa na kabureta. Ni kweli kwamba pikipiki za kunyunyiza petroli kwa umeme, na hata zile za betri, zimekwisha kuingia. Hata hivyo kabureta bado ipo, hasa katika pikipiki zilizokwisha kutumika, nazo ndizo mwenye mtaji mdogo huanza nazo.

Pikipiki iliyotumika ina tatizo lake la pekee. Haiji na kumbukumbu. Mnunuzi hajui kama jeti iliyomo ndiyo iliyotoka kiwandani au ni nyingine iliyotiwa na fundi aliyetangulia. Hajui skrubu ilifunguliwa mizunguko mingapi, wala sindano imebanwa katika mfuo wa ngapi. Kumbukumbu pekee aliyonayo ni maneno: aliyoambiwa na muuzaji, anayomwambia fundi, na ambayo fundi humwambia kijana anayejifunza kazi. Maneno hayo yakiwa na maana mbili, basi kumbukumbu hiyo nayo haipo.

Hali mbili zinazotafutiwa majina

Kabla ya kuhakiki majina, inatupasa kuzielewa hali zenyewe. Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa kwa uwiano unaofaa. Ili petroli iungue yote bila hewa kubaki, kilo 1 ya petroli huhitaji takribani kilo 14.7 za hewa. Injini inapotakiwa kutoa nguvu zake zote hupendelea petroli izidi kidogo, yaani hewa iwe kilo 12.5 hadi 13 kwa kilo 1 ya petroli. Na injini inapowashwa asubuhi ikiwa baridi huhitaji petroli nyingi zaidi. Ndiyo sababu choki huvutwa.

Petroli ikizidi mno, moshi huwa mweusi, harufu ya petroli husikika, pikipiki hudorora, na plagi ikifunguliwa huonekana imepakwa masizi meusi makavu. Petroli ikipungua mno, injini huchemka, husita mtu anapozungusha mkono wa mafuta, hupiga vishindo katika ekzosi anapouachia, na plagi huwa nyeupe kama majivu. Mchanganyiko ukiwa sawa, ncha ya plagi huwa na rangi ya hudhurungi. Kipimo kingine cha haraka ni choki yenyewe: injini ikiwa imekwisha kupata joto, choki ikavutwa kidogo nayo ikachangamka, petroli ni haba, ikizidi kudorora, petroli ilikuwa nyingi tangu awali.

Kwa hiyo tunazo hali mbili zilizo kinyume, na kila moja ina dawa iliyo kinyume cha nyenzake. Atakayezichanganya hatoi dawa dhaifu, hutoa sumu. Sasa tutazame majina.

Tajiri na maskini

Mfasiri anayefuata Kiingereza neno kwa neno ataandika mchanganyiko tajiri kwa hali ya kwanza, na mchanganyiko maskini au mwembamba kwa hali ya pili. Tafsiri hii haina kosa la sarufi. Kosa lake ni la hisia. Katika Kiswahili utajiri ni neema na umaskini ni dhiki. Mwanafunzi akiambiwa kwamba kabureta yake inatoa mchanganyiko tajiri, atafurahi, hali injini yake inakula petroli isiyoitumia na kujaza masizi. Isitoshe, neno tajiri halisemi ni tajiri wa nini. Mchanganyiko una vitu viwili, hewa na petroli, na wenye hewa nyingi waweza kuitwa tajiri wa hewa. Mwingereza hachanganyikiwi kwa sababu mazoea ya miaka mingi yamekwisha kumfundisha. Sisi tunaounda istilahi leo hatuna mazoea hayo ya kutuokoa, wala hatuna sababu ya kuyaagiza kutoka ng'ambo.

Nzito, nyepesi na iliyokolea

Jozi ya pili ni nzito na nyepesi. Hii ni bora kidogo, kwa kuwa Mswahili husema uji mzito na chai nyepesi. Lakini neno hili limekwisha kushikwa na kazi nyingine mbili katika gereji hiyo hiyo. Kwanza, oili nzito na oili nyepesi hutofautisha mafuta ya kulainishia injini kwa kadiri ya unato wake. Pili, mwendesha pikipiki anaposema kwamba pikipiki yake ni nzito, humaanisha kuwa haina nguvu, hasa inapopanda kilima au inapobeba mtu. Na hapa ndipo penye mtego: pikipiki huwa nzito petroli ikizidi, na huwa nzito vilevile petroli ikipungua. Fundi akimsikia mteja akisema injini nzito, kisha akaandika mchanganyiko mzito, amekwisha kugeuza malalamiko kuwa uchunguzi bila kufungua hata plagi.

Wako watakaopendekeza kitenzi kolea, nacho ni kitenzi kizuri mno cha jikoni. Mchuzi hukolea chumvi, rangi hukolea, na katika kemia mzizi huo umetupatia neno la kutaja kiasi cha kitu kilichoyeyushwa. Lakini mpishi akisema chumvi imekolea anasema imefika mahali pake. Na mpaka rangi akisema rangi imekolea anasema imekuwa nyingi. Neno moja linataja kutosha na kuzidi. Katika mchuzi tofauti hiyo huamuliwa na ulimi. Katika kabureta hakuna ulimi wa kuiamua. Kolea tuiachie jikoni na kemia.

Matatizo ya neno mafuta

Mafundi wengi hawatumii jozi zote hizo. Wao husema mafuta yamezidi, au inakula mafuta, au inavuta hewa. Kwa mtazamo wetu hapa ndipo palipo msingi wa istilahi njema, kwa sababu wametaja kitu chenyewe. Hata hivyo maneno haya nayo yana kasoro tatu ambazo hatuna budi kuzionyesha.

Kasoro ya kwanza ni kwamba mafuta ni neno pana. Mafuta ni petroli, ni dizeli, ni ya taa, ni ya kupikia, na kwa wengine ni oili ya injini pia. Plagi nyeusi yaweza kuwa na masizi makavu ya petroli iliyozidi, au weusi wenye unyevu wa oili iliyopenya kwenye ringi zilizochakaa. Moshi nao hutofautiana: ule wa petroli ni mweusi, ule wa oili una rangi ya buluu. Anayesema mafuta yamezidi hajabainisha ni yapi, na dawa ya ringi si dawa ya kabureta.

Kasoro ya pili ni kwamba mafuta katika usemi wa madereva yamekuwa jina la mwendo. Kanyaga mafuta, ongeza mafuta, punguza mafuta: maana yake ni nenda kasi au nenda polepole. Ukichunguza utaona kwamba azungushaye mkono wa pikipiki hufungua kwanza njia ya hewa, nayo hewa ndiyo ivutayo petroli. Basi fundi akimwambia kijana wake ongeza mafuta, kijana ana haki ya kuuliza: nizungushe mkono au nizungushe skrubu?

Kasoro ya tatu ni kuchanganya dalili na chanzo. Inakula mafuta ni dalili. Pikipiki yaweza kula mafuta kwa sababu ya kabureta, lakini pia kwa sababu ya magurudumu yasiyo na upepo wa kutosha, breki inayoshika daima, klachi inayoteleza, au chujio la hewa lililozibwa na vumbi. Neno kumisi lina hali hiyo hiyo: linataja injini inayokosa moto kwa vipindi, na sababu yaweza kuwa plagi, koili, waya au petroli haba. Hatusemi maneno haya yafutwe. Ni maneno halali ya mteja, na mwalimu ayafundishe kama majina ya dalili. Tunachokataa ni kuyaandika mahali pa uchunguzi, kama yanavyoweza kuonekana katika fomu ya matengenezo ya ofisi, ambapo mkaguzi husoma kwamba pikipiki ilikuwa inakula mafuta na kwamba kabureta imetengenezwa, asijue ni nini kilichofanyika.

Sailensa na safari za maneno

Ziko gereji ambamo injini inaponguruma bila kwenda husemwa iko kwenye sailensa, na skrubu inayopandisha au kushusha mngurumo huo huitwa skrubu ya sailensa. Asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya ukimya. Wakati huo huo sailensa au silensa ni kile chombo cha chuma kinachopunguza mlio wa ekzosi.

Hatuna ugomvi na maneno yanayosafiri. Mitaa yenyewe tunayoizungumzia ni ushahidi wake. Kariakoo ni jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, walioitwaa Dar es Salaam mwaka 1916. Sikio la Mswahili limelifinyanga hata likawa letu kabisa. Gerezani pametokana na gereza, neno lililotoka katika Kireno likiwa na maana ya kanisa, likapita katika ngome, likaishia katika kifungo. Hata skrubu ilikuwa na mtangulizi wake, parafujo, nayo ilitoka kwa Wareno hao hao. Hakuna aliyepotea njia kwa sababu Kariakoo si wapagazi tena, kwani jina la mtaa halimwamuru mtu kufanya jambo. Lakini skrubu ya sailensa ni amri. Mwanafunzi aliyefundishwa darasani kuwa silensa ni sehemu ya ekzosi atakwenda kuitafuta skrubu hiyo nyuma ya pikipiki.

Skrubu ya hewa

Sasa tufike kwenye kiini cha uhakiki huu. Mbali na skrubu ya mngurumo, kabureta huwa na skrubu nyingine ndogo ya kurekebisha mchanganyiko injini inapokuwa imetulia. Katika usemi wa gereji nyingi hii huitwa skrubu ya hewa. Tatizo ni kwamba skrubu hizo ni za aina mbili, na kabureta moja huwa na ya aina hii, nyingine ikawa na ya aina ile.

Aina ya kwanza hukaa upande wa chujio la hewa. Hii hurekebisha hewa kwa kweli: ikifunguliwa, hewa huongezeka na petroli huwa haba. Aina ya pili hukaa upande wa injini. Hii hurekebisha petroli iliyokwisha kuchanganyika na hewa kidogo: ikifunguliwa, petroli huongezeka. Kwa maneno mengine, mkono ule ule, ukizungusha upande ule ule, huzaa matokeo yaliyo kinyume. Anayezipa skrubu zote mbili jina la skrubu ya hewa, kisha akaandika katika kitabu cha mafunzo kwamba petroli ikizidi fungua skrubu ya hewa nusu mzunguko, amewaelekeza nusu ya wasomaji wake kuongeza ugonjwa wanaoutibu.

Kosa hili halina uhusiano na uhaba wa maneno. Kiswahili kina hewa na kina petroli. Ni uvivu wa kuangalia chombo kabla ya kukipa jina.

Mtego wa namna hiyo uko pia katika sindano inayoning'inia ndani ya kabureta. Sindano hii hutawala petroli mkono unapokuwa katikati, takribani kutoka robo hadi robo tatu. Chini ya hapo hutawala njia ya kutulia na skrubu yake, na juu ya hapo hutawala jeti kubwa. Sindano huwa na mifuo kadhaa, na kibanio chembamba huingia katika mmojawapo. Kibanio kikishushwa mfuo mmoja, sindano hupanda, na petroli huongezeka. Hivyo amri ya kushusha, bila kutaja kinachoshushwa, yaweza kutimizwa kwa njia mbili zilizo kinyume. Hapa jina si bovu. Kilichokosekana ni mtendwa wa kitenzi. Mfasiri asiache kitenzi kikiwa uchi.

Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu tunapendekeza yafuatayo, tukiyaweka mbele ya wasomaji ili yajadiliwe.

Kwanza, hali mbili za mchanganyiko ziitwe mchanganyiko wa petroli nyingi na mchanganyiko wa petroli haba. Tumechagua petroli badala ya mafuta ili kuepa maana za oili na za mwendo, na kwa kuwa kabureta ya pikipiki haina kazi na dizeli. Tumechagua haba, na hatukuchagua upungufu, kwa sababu upungufu wa petroli umekwisha kuwa jina la kukosekana kwa petroli vituoni. Atakayelalamika kwamba majina haya ni marefu tunamjibu kwamba gerejini yatafupishwa yenyewe kuwa petroli nyingi na petroli haba, na hata yakifupishwa hayapotezi kitu kinachopimwa wala upande wake.

Pili, jina la skrubu ya hewa litumike kwa ile ya upande wa chujio peke yake, na ile ya upande wa injini iitwe skrubu ya petroli. Mwalimu afundishe majina pamoja na mahali: skrubu ya hewa iko kwenye chujio, skrubu ya petroli iko kwenye injini. Aliyeshika hayo mawili hahitaji kukumbuka upande wa kuzungusha. Jina lenyewe litamwambia.

Tatu, sailensa ibaki kuwa kizuia mlio cha ekzosi. Mngurumo wa injini isiyokwenda uitwe mzunguko wa kutulia, na skrubu yake iitwe skrubu ya kutulia. Hatutazamii mafundi waliozoea waache neno lao mara moja, wala si lazima. Inatosha vitabu na mitihani isiwe na neno moja kwa vitu viwili.

Nne, fomu za matengenezo katika ofisi za umma ziwe na nafasi mbili tofauti: dalili na chanzo. Katika ya kwanza paandikwe maneno ya dereva kama alivyoyasema. Katika ya pili paandikwe istilahi, na kipimo chake: rangi ya plagi, nambari ya jeti, idadi ya mizunguko ya skrubu. Pikipiki iliyorekebishwa Kariakoo, karibu na usawa wa bahari, ikipelekwa Mbeya, mji ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, hukuta hewa nyepesi zaidi, na mchanganyiko uliokuwa sawa huwa wa petroli nyingi. Fundi wa huko akiikuta kumbukumbu iliyoandikwa kwa istilahi moja, atajua mara moja pa kuanzia.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu miaka ya 1970 orodha za tafsiri sanifu zimekuwa zikitolewa. Mwaka 1987 Rajmund Ohly alitoa kamusi ya msingi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili. Kazi hizo ni hazina. Lakini orodha hutoa neno mbele ya neno, na mara nyingi kosa la istilahi ya ufundi halionekani katika orodha. Huonekana neno linapoingizwa katika amri na amri inapofika mkononi. Kwa hiyo tunawaomba wafasiri na walimu wa vyuo vya VETA wasiishie kuuliza kama istilahi inasomeka vizuri. Wampe fundi sentensi yenye istilahi hiyo, wampe na bisibisi, kisha watazame anazungusha wapi.